Pipa la Dirk

Pipa lipo pale pale, nyuma ya trekta,
limefunikwa gunia la mbegu za mahindi,
na Greta Haverkamp, miaka sitini na mmoja,
glovu kachomeka mfuko wa nyuma,
ananiambia: Jumamosi natia hii.

Mwezi wa tano, Grand Bend, Ontario.
Baridi bado inang'ata asubuhi
na ziwa halijaamua rangi yake.
Robo maili ya lami inatungoja.

Ya lini? nauliza.
Dirk aliinunua.
Basi ni miaka minne, au mitano;
mimi sijui, na yeye hataki kuhesabu.

Nimelelewa gereji ya mjomba, Chang'ombe,
ambako petroli ilikuwa moja tu: iliyopo.
Ukipata unatia, ukikosa unasukuma.
Huku nikakuta kuchagua,
na kuchagua kunachosha kuliko kukosa.
Ya pampu, tisini na nne, ya gari la kwendea kanisani.
Yenye madini ya risasi, mia na kumi,
harufu tamu ya kuumiza kichwa.
Mia na kumi na sita, kwa injini zenye hasira kuliko hii.
Pombe ya mahindi, pengine mahindi yake mwenyewe
aliyouza msimu uliopita,
ila hiyo inakunywa unyevu wa hewa kama chumvi iliyoachwa wazi,
na kabureta ingebidi tuitoboe upya.
Na methanoli, ambayo ikiwaka juani huoni moto:
unaona tu mtu anarukaruka
na hakuna anayejua kwa nini.

Watu hudhani namba ni nguvu.
Namba ni subira, Greta.
Ni kiasi gani petroli itavumilia kubanwa
pistoni ikipanda, kumi na mbili kwa moja,
isilipuke kabla cheche haijaiita.
Isiyo na subira hugonga,
kokoto ndani ya sufuria,
kisha tundu kwenye pistoni, upana wa kidole.
Na yenye subira kupita kiasi, hiyo nayo
inajivuta kuwaka, unalipa dola juu ya dola
upate kuwa wa pili.

Ananiacha nimalize. Haya yote anayajua.
Ndiye aliyesoma plagi za Dirk miaka ishirini:
kauri ikiwa nyeupe kama mfupa, ongeza mafuta,
ikiwa rangi ya chai ya maziwa, usiguse kitu.

Nafungua kifuniko.
Pipa zima hushusha pumzi ukilifungua.
Hili limenyamaza.
Nachovya kidole, nakipunga hewani;
kingepaswa kukauka kabla sijafika tano.
Nafika kumi na nane, bado kinateleza.

Vile vyepesi vimeondoka, nasema.
Vile vinavyowaka kwanza.
Kilichobaki ni kizito, hata namba yake siijui tena.

Nikasikia nilichokisema. Nimechelewa.

Greta anainama juu ya tundu,
anavuta pumzi moja, ndefu,
macho wazi, kama anayesoma bei dukani.
Risasi bado imo, anasema.
Imo, nasema.

Jumamosi tulitia mia na kumi, lita ishirini,
tukarudisha cheche nyuma digrii mbili
kwa sababu jua lilitoka bila kutuarifu.
Sekunde kumi, nukta nne mbili.
Kijana wa Sarnia akampita kwa upana wa bampa.
Akashuka, hakuvua kofia,
akafungua plagi ya sita, ingali ya moto,
akanipa ndani ya kitambaa bila neno.
Chai ya maziwa.

Pipa lipo pale pale.
Kifuniko nilikikaza mwenyewe
kwa spana, mpaka kiganja kikauma.
Gunia alilirudisha yeye.